Mafuta Katika Damu na Ukali wa Kiharusi



Msimu wa ununuzi wa pamba hukutanisha watu wengi ghalani. Tuseme kwamba siku moja, katika chama cha msingi kimoja huko Bunda, mzee mmoja amesimama kwenye foleni ya mizani tangu alfajiri. Ghafla mkono wake wa kulia unalegea na robota linamponyoka. Anataka kusema neno, lakini kinywa kimepinda na maneno hayatoki. Wenziwe wanamketisha kivulini wakidhani ni jua. Mmoja anasema amepigwa na upepo mbaya. Mwingine anashauri apelekwe kwanza nyumbani, jamaa zake wakutane. Saa 3 zinapita kabla mtu hajafikiria kutafuta gari.

Mambo kama haya yaweza kutokea ghalani, shambani Butiama, au sokoni Mwigobero mjini Musoma. Mtu akishapatwa, watu huulizana kama isingewezekana kujua mapema. Na kwa kuwa siku hizi vipimo vya mafuta katika damu vinatangazwa kila mahali, swali lenyewe huja kwa namna hii: je, kipimo hicho chaweza kutabiri nani atapatwa na kiharusi, na kama kiharusi chake kitakuwa kikali au chepesi?

Swali hili lina gharama, na ndiyo maana tumelipa nafasi katika kurasa hizi. Mkulima anayeuza mbuzi ili apimwe mafuta ya damu anastahili kujua ananunua nini. Kadhalika, chama kilichotenga fedha kwa ajili ya huduma za jamii hakina budi kujua fedha hizo zitaokoa maisha mengi zaidi zikitumika wapi. Elimu kwa wanachama ni mojawapo ya kanuni za ushirika, na nchi yetu ina desturi ya kujifunza afya kwa pamoja. Wazee wetu watakumbuka mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi wakasikiliza redio, wakasoma na kujadiliana juu ya malaria, kichocho, kuhara, safura na kifua kikuu. Maradhi tunayoyazungumzia leo hayaletwi na mbu wala konokono, lakini njia ya kuyakabili ni ile ile: kuelewa kwanza, kisha kutenda.

KIHARUSI NI NINI?

Ubongo huishi kwa damu inayoufikia kila dakika, nao hauna ghala la kuweka akiba. Damu ikikatika katika sehemu moja ya ubongo, sehemu hiyo huanza kufa, na kazi iliyokuwa ikifanywa nayo husimama. Ikiwa ni sehemu inayoendesha mkono, mkono hulegea. Ikiwa ni ya usemi, mtu hukosa maneno.

Kuna aina mbili kubwa. Ya kwanza ni kiharusi cha kuziba: mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo huzibwa na donge la damu. Ya pili ni kiharusi cha kuvuja: mshipa hupasuka na damu humwagika ndani ya kichwa. Kwa hesabu za dunia za mwaka 2019, watu wapatao milioni 12.2 walipatwa na kiharusi kwa mara ya kwanza katika mwaka huo mmoja, na zaidi ya 6 katika kila 10 walikuwa na kile cha kuziba. Katika bara letu sehemu ya wenye kiharusi cha kuvuja ni kubwa kuliko Ulaya, na sababu yake kubwa ni shinikizo la damu lisilotibiwa.

Kwa kumtazama mgonjwa kwa macho, hata mganga mwenye ujuzi hawezi kusema kwa hakika ni aina ipi. Hujulikana kwa picha ya kichwa inayopigwa kwa mashine ya CT. Jambo hili lina uzito mkubwa, kwa sababu dawa inayomfaa mgonjwa wa kuziba yaweza kumuua mgonjwa wa kuvuja. Kwa sababu hiyo haifai kumpa mtu aspirini nyumbani kwa kubahatisha.

MAFUTA YA DAMU NA MAJINA YAKE

Mafuta si adui wa mwili. Mwili huyahitaji kwa kujenga kuta za seli, kwa kutengeneza homoni na kwa kuhifadhi nguvu. Tatizo huanza yanapozidi, au yanapokaa mahali pasipo pake.

Mtu akipimwa mafuta ya damu, kwa kawaida cheti chake huwa na tarakimu 4. Ya kwanza ni jumla ya lehemu, ambayo wengi huiita kolesteroli. Ya pili ni LDL, ya tatu ni HDL, na ya nne ni trigliseridi.

Mwanachama ataelewa tofauti ya LDL na HDL akifikiria malori ya Chama Kikuu. Lehemu haiyeyuki katika maji, kwa hiyo haiwezi kusafiri peke yake katika damu, hubebwa. LDL ni kama malori yanayotoka bohari kuu, yaani ini, yakipeleka mzigo vijijini. Yakiwa mengi kupita haja, mzigo humwagwa kando ya njia: lehemu hujipenyeza katika kuta za mishipa, kuta hizo huvimba na kuwa ngumu, na njia ya damu hupungua. HDL ni malori yanayorudi bohari yakiwa yamekusanya mzigo uliozagaa. Ndiyo maana LDL huitwa lehemu mbaya na HDL lehemu nzuri, ingawa kwa kweli kilicho kibaya ni kukosekana kwa uwiano baina yao. Trigliseridi nazo ni mafuta ya akiba ya nguvu, na huongezeka damuni kwa ulaji wa kupindukia, sukari nyingi, pombe na ugonjwa wa kisukari.

Uvimbe wa lehemu ndani ya mshipa waweza kukaa miaka mingi bila dalili yoyote. Siku moja ngozi yake hupasuka, damu huganda juu ya jeraha hilo, na donge huziba mshipa papo hapo au huchukuliwa na mkondo wa damu hadi kwenye mshipa mwembamba zaidi. Huu ndio uhusiano halisi baina ya mafuta ya damu na kiharusi cha kuziba.

YALIYOONEKANA KATIKA NCHI YETU

Tanzania ni miongoni mwa nchi chache za Afrika zilizohesabu kiharusi kwa kufuatilia kaya hadi kaya. Kuanzia Juni 2003, kwa muda wa miaka 3, watafiti waliwafuatilia wakazi wa sehemu za Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na za Dar es Salaam. Viharusi 636 viliandikishwa. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, ilionekana kwamba katika kila watu 100,000, wapatao 109 hupatwa na kiharusi kwa mwaka huko Hai, na wapatao 316 katika Dar es Salaam. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 2010, nayo yaliwashangaza waliodhani kwamba haya ni maradhi ya Wazungu na matajiri.

Watafiti hao waliendelea kuuliza sababu. Waliwalinganisha wagonjwa 200 na watu 398 wa umri na jinsia kama yao ambao hawakuwa wamepatwa. Katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2013, mambo yaliyojitokeza ni maradhi ya moyo yaliyotangulia, maambukizo ya virusi vya UKIMWI, uvutaji wa sigara, shinikizo la damu, na jambo moja linalotuhusu leo: uwiano mkubwa wa jumla ya lehemu ukilinganishwa na HDL. Maana yake ni kwamba hata katika nchi yetu, pale malori ya kwenda yanapokuwa mengi mno kuliko ya kurudi, hatari ya kiharusi huongezeka.

Lakini tuyaweke mambo katika mizani. Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya uchunguzi mkubwa wa SIREN, uliofanywa Nigeria na Ghana kwa kuwalinganisha wagonjwa 2,118 na watu wengine wa idadi hiyo hiyo wasio na kiharusi. Mwenye shinikizo la damu alikuwa na uwezekano wa kupatwa ulio mkubwa karibu mara 19. Mwenye kasoro ya mafuta ya damu, uwezekano wake ulikuwa karibu mara 2. Watafiti walikadiria kwamba shinikizo la damu lilihusika na takriban viharusi 91 katika kila 100, na kasoro ya mafuta takriban 36. Hesabu hizi hupishana, kwa kuwa mtu mmoja aweza kuwa na kasoro zote mbili. Hata hivyo, ipi iliyo kubwa inaonekana wazi.

JE, KIPIMO CHATABIRI UKALI?

Sasa tufike kwenye kiini cha swali. Kwamba mafuta mabaya huongeza hatari ya kupatwa na kiharusi cha kuziba, hilo halina ubishi mkubwa. Lakini mtu akishapatwa, je, cheti chake cha mafuta chaweza kutuambia kama kiharusi kitakuwa kikali?

Mtu angetarajia jibu jepesi: mafuta mengi, kiharusi kikali. Watafiti walipochunguza, mara nyingi walikuta kinyume chake. Mwaka 2007 watafiti wa Copenhagen, nchini Denmark, walieleza kwamba miongoni mwa wagonjwa wa kiharusi cha kuziba waliofuatiliwa kwa miaka 10, wale waliokuwa na lehemu nyingi walipofikishwa hospitali walikuwa na viharusi vyepesi zaidi, na walifariki wachache zaidi. Uchunguzi mwingine umeonyesha hali ya namna hiyo kwa trigliseridi: wenye kiwango cha chini sana walionekana kuwa na hali mbaya zaidi. Zipo pia tafiti zilizokuta kwamba HDL ndogo huandamana na kiharusi kikali. Kwa hiyo ushahidi hauelekei upande mmoja.

Je, hii ina maana kwamba mafuta mengi ni kinga? La, hasha. Yapo maelezo yanayofaa kutafakariwa.

La kwanza ni aina ya kiharusi. Vipo viharusi vya kuziba vinavyotokana na mishipa midogo sana, na aghalabu huwa vyepesi. Vipo vinavyotokana na donge linaloundwa ndani ya moyo unaodunda bila mpango. Donge hilo huwa kubwa, huziba mshipa mkubwa, na kiharusi chake huwa kikali mno. Mgonjwa huyu wa moyo aweza kuwa na mafuta ya damu ya kawaida kabisa. Hivyo cheti kizuri chaweza kukutana na kiharusi kibaya.

La pili ni udhaifu wa mwili. Mtu aliyedhoofika kwa uzee, njaa, maambukizo au maradhi ya muda mrefu huwa na lehemu ndogo. Hakuzidiwa kwa sababu lehemu ni ndogo. Lehemu ni ndogo kwa sababu alikuwa mgonjwa tangu awali.

La tatu ni wakati wa kupima. Kiharusi chenyewe huutikisa mwili, na katika siku zinazofuata kiwango cha lehemu hushuka. Damu iliyotolewa siku ya 5 haisemi kile ambacho ingesema siku ya 1. Kwa sababu hiyo waganga hupenda kupima mapema, ndani ya siku moja au mbili, au kupima tena baada ya majuma kadhaa.

La nne ni kwamba wanaohesabiwa hospitalini ni wale waliofika. Aliyefia njiani hana cheti.

Mwanachama anajua kwamba mizani ya ghalani husema kilo, lakini haisemi kama pamba ni safi au ni fifi. Karani hana budi kufungua robota na kutazama kwa macho. Kipimo cha mafuta nacho ni mizani ya namna hiyo. Hutoa tarakimu ya kweli, lakini si jibu la kila swali.

NI NINI BASI HUONYESHA UKALI?

Waganga hupima ukali kwa kumchunguza mgonjwa mwenyewe. Chombo kinachotumiwa sana duniani ni orodha ya maswali na majaribio iitwayo NIHSS. Mgonjwa huulizwa mwezi gani huu na umri wake ni miaka mingapi; huambiwa afumbe na kufumbua macho, aonyeshe meno, anyoshe mkono kwa sekunde 10 na kuinua mguu kwa sekunde 5. Kila upungufu hupewa alama. Jumla huanzia 0 hadi 42. Chini ya 5 ni kiharusi chepesi, na zaidi ya 20 ni kikali sana. Alama hizo, pamoja na umri wa mgonjwa, hutabiri yatakayofuata vizuri kuliko tarakimu yoyote ya mafuta.

Mambo mengine yanayoamua ukali ni ukubwa wa mshipa ulioziba, sukari ya damu iliyopanda, homa, chakula kinachoingia mapafuni kwa sababu mgonjwa hawezi kumeza vema, na maradhi aliyokuwa nayo kabla. Wana Butiama wanafahamu kwamba kiharusi chaweza kuja juu ya maradhi mengine: Baba wa Taifa, Mwalimu Julius K. Nyerere, alikuwa akitibiwa saratani ya damu mjini London alipopatwa na kiharusi, siku chache kabla ya kufariki tarehe 14 Oktoba 1999.

Na juu ya yote kuna muda. Imekadiriwa kwamba katika kiharusi cha kuziba mshipa mkubwa, seli za ubongo zipatazo milioni 1.9 hufa kila dakika mshipa unapobaki umeziba. Ipo dawa ya kuyeyusha donge, lakini hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, baada ya picha ya CT kuhakikisha kwamba hakuna damu iliyovuja, na katika hospitali zenye uwezo huo tu. Hata pale dawa hiyo isipopatikana, mgonjwa aliyewahi hupata uangalizi wa kumeza, wa sukari, wa homa na wa shinikizo, na mambo haya ya kawaida huokoa maisha. Mzee wetu wa ghalani alipoteza saa 3 kivulini. Hakuna cheti cha mafuta ambacho kingemrudishia saa hizo.

FAIDA HALISI YA KIPIMO CHA MAFUTA

Isidhaniwe kwamba tunakataza kipimo. Kina kazi mbili kubwa.

Kazi ya kwanza ni kumwonya mtu ambaye hajapatwa, hasa mwenye kisukari, shinikizo la damu, unene wa kiuno, au aliye na ndugu waliopatwa na kiharusi au maradhi ya moyo wakiwa bado vijana. Kwa kawaida hutakiwa jumla ya lehemu iwe chini ya 5.2, trigliseridi ziwe chini ya 1.7, na HDL iwe juu ya 1.0 kwa mwanamume na 1.3 kwa mwanamke, kwa kipimo cha milimoli katika lita moja ya damu. Lakini tarakimu hizi hazisomwi peke yake. Mganga huziweka pamoja na umri, shinikizo, sukari na uvutaji wa tumbaku, ndipo aseme hatari ni kubwa kiasi gani.

Kazi ya pili ni kumlinda yule aliyekwisha kupatwa na kiharusi cha kuziba ili kisimrudie. Mwaka 2006 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa SPARCL juu ya wagonjwa 4,731. Nusu walipewa dawa ya jamii ya statini, ambayo hupunguza LDL, na nusu wakapewa vidonge visivyo na dawa. Katika muda wa karibu miaka 5, kiharusi kilirudi kwa watu 11 katika kila 100 waliotumia dawa, na kwa 13 katika kila 100 wasioitumia. Faida hiyo ni ya kweli, ingawa viharusi vya kuvuja viliongezeka kidogo miongoni mwa waliotumia dawa. Uchunguzi mwingine, uliofanywa Ufaransa na Korea Kusini na kutolewa mwaka 2020, ulionyesha kwamba wagonjwa ambao LDL yao ilishushwa chini ya 1.8 walipata nafuu kuliko wale walioachwa na kiwango cha juu zaidi. Kwa hiyo mgonjwa aliyepewa dawa hii asiiache kwa kuwa anajisikia mzima, wala jirani yake asimwombe vidonge viwili vitatu. Ni mganga anayejua ni kiharusi cha aina gani, na dawa inamfaa nani.

CHUNGU NA KIKAANGO

Sisi wa Mara tuna bahati katika chakula. Samaki wa ziwani, ugali wa mtama, muhogo na ulezi, kunde, maharage na mboga za majani ni vyakula vinavyoutunza mshipa. Katika uchunguzi wa SIREN uliotajwa juu, waliokula mboga za majani kwa nadra, waliokula nyama mara kwa mara, na waliozoea kuongeza chumvi mezani walikuwa na hatari kubwa zaidi. Tusidharau mboga kwa kuwa eti ni chakula cha maskini.

Kuhusu mafuta ya kupikia, wakulima wa pamba wana haki ya kuuliza juu ya mafuta ya zao lao. Mafuta ya mbegu za pamba yana takriban robo ya yale mafuta magumu yanayopandisha LDL. Sehemu iliyobaki ni mafuta laini. Ya alizeti yana magumu kidogo zaidi ya sehemu 1 katika 10. Mawese yana karibu nusu, na samli huzidi nusu. Kwa hiyo mafuta ya pamba iliyosafishwa kiwandani si sumu, na ya alizeti ni bora zaidi, lakini yote yatumike kwa kiasi. Mafuta ya kugandishwa kiwandani yaepukwe. Mafuta ya kikaango yaliyochemshwa leo, kesho na kesho kutwa mpaka yakawa meusi yamwagwe, hata kama moyo unauma. Na dagaa waliotiwa chumvi nyingi waoshwe kabla ya kupikwa, kwani chumvi ni rafiki wa shinikizo.

WAJIBU WA CHAMA

Tukirudi kwenye fedha za chama, hoja yetu ni hii. Kipimo cha mafuta huhitaji maabara, na humfaa mtu mmoja mmoja kwa ushauri wa mganga. Kipimo cha shinikizo la damu huhitaji mashine ndogo ya mkononi inayodumu kwa miaka, na kwa msimu mmoja yaweza kuwapima wanachama wote wanaofika ghalani. Kwa kuwa shinikizo ndilo chanzo kikubwa kuliko vyote, chama chenye fedha za kufanya jambo moja tu kianze na mashine hiyo, kikishirikiana na zahanati iliyo karibu. Atakayeonekana na 140 kwa 90 au zaidi aelekezwe zahanati apimwe tena siku nyingine, kwani kipimo kimoja hakitoshi kumhukumu mtu. Huko ndiko itakakoamuliwa nani apimwe pia sukari na mafuta ya damu.

Jambo la pili halina gharama. Kila chama kiwe na mpango wa safari ulioandaliwa kabla ya haja: gari la nani, simu ya dereva gani, mafuta yatalipwa kutoka mfuko upi. Chama kiulize mapema ni hospitali ipi yenye mashine ya CT inayofanya kazi, iwe ya rufaa mjini Musoma, au Bugando kule Mwanza kwa walio upande wa Bunda. Mtu asianze kuuliza njia ya hospitali wakati mgonjwa yuko chini.

Jambo la tatu ni kila mwanachama kujua dalili na la kutenda. Mwambie mtu acheke: je, kinywa kimepinda? Mwambie anyoshe mikono yote miwili: je, mmoja unaanguka? Mwambie arudie sentensi fupi: je, maneno yamevurugika? Moja tu ikionekana, andika saa ileile dalili zilipoanza, mlaze kwa ubavu kama amelewalewa, usimpe chakula wala maji wala dawa, usimkande wala kumchanja, na gari liondoke. Hata dalili zikitoweka baada ya dakika chache, mgonjwa apelekwe vilevile, kwani hiyo ni onyo la kiharusi kinachokuja.

MASWALI YA KUJADILIWA KATIKA MKUTANO

1. Katika chama chetu, ni wanachama wangapi waliopimwa shinikizo la damu tangu msimu uliopita?
2. Mwanachama akianguka ghalani leo, gari litapatikana kwa dakika ngapi?
3. Je, wapo miongoni mwetu waliokwisha kupatwa na kiharusi na wameacha dawa? Nani atawatembelea?
4. Kwa nini cheti kizuri cha mafuta ya damu si sababu ya kuchelewa kumpeleka mgonjwa hospitali?

Katibu na aandike majibu katika kumbukumbu za mkutano, na mkutano ujao uanze kwa kuyasoma. Mzee aliyeangusha robota lake ni wetu sote. Tukijifunza kumtambua mapema, na gari likiwa tayari, huenda msimu ujao akarudi kwenye foleni kwa miguu yake.